Wenye Meli na Pembe za Ukambani: Maswali na Majibu ya Kudurusu Historia ya Karne ya 19

Nimeyaandaa maswali haya kwa wanafunzi wa kidato cha nne ninaowafundisha hapa Machakos. Karatasi ya Historia na Serikali mtaiandika kwa Kiingereza, hilo halibadiliki. Lakini miaka yangu yote darasani nimemwona mtahiniwa akikariri majina, Seyyid Said huku, Kivoi kule, Mackinnon kwingine, kana kwamba watu hao waliishi katika dunia tatu. Waliishi katika biashara moja. Ukilielewa jambo kwa lugha unayoongea sokoni, kuliandika kwa lugha ya mtihani hakutakusumbua. Funika jibu kwa mkono, jaribu kwanza, ndipo usome.

Swali la 1. Machakos haina bahari. Kwa nini mwanafunzi wa huku adurusu habari za meli? (alama 2)

Simama kwenye daraja la Mto Athi msimu wa mvua, utazame maji mekundu yakipita. Yakishuka mbele huitwa Galana, yakikaribia pwani huitwa Sabaki, na karibu na Malindi huingia Bahari ya Hindi. Maporomoko hayaruhusu meli kupanda njia hiyo, kwa hiyo bidhaa zilibebwa na watu: pembe za ndovu zikishuka, vitambaa, shanga na waya wa shaba vikipanda. Bei ya pembe iliamuliwa na wenye meli. Na katika karne ya 19 mwenye meli mara nyingi ndiye aliyekuwa pia na serikali, au aliyeketi karibu nayo. Sentensi hizo mbili za mwisho ndizo zenye alama.

Swali la 2. Eleza jinsi Seyyid Said bin Sultan alivyounganisha utawala na usafiri wa majini. (alama 10)

Hili ni swali kubwa, usilipite haraka. Wanafunzi wengi humwandika Seyyid Said kama sultani aliyependa karafuu. Alikuwa hivyo, lakini kabla ya karafuu alikuwa mtu wa vyombo. Utawala wa Oman aliourithi ujanani, mwaka 1806, uliishi kwa bahari. Nchi yenyewe ni jangwa na milima, na utajiri wake ulitoka katika bandari ya Muskat. Said alikuwa mtawala na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Merikebu zake zilikuwa manowari leo na za kubeba shehena kesho. Baada ya vita, mizinga ilibaki juu na magunia yakapakiwa chini.

Merikebu zake kubwa alizitengenezesha Bombay, kwa mbao za msaji. Mojawapo, Liverpool, iliyokuwa na mizinga 74, alimzawadia Mfalme William wa Nne wa Uingereza mwaka 1836, nayo Waingereza wakaibadilisha jina ikawa Imaum. Fikiria uzito wa zawadi hiyo: mtawala wa Kiarabu anampa mfalme wa taifa lenye jeshi kubwa kuliko yote baharini chombo cha vita. Hiyo ilikuwa siasa iliyofanywa kwa mbao na matanga.

Ni merikebu hizo zilizomwezesha kuwabana Wamazrui wa Mombasa kwa miaka mingi hadi alipouteka mji mwaka 1837. Hapa mtahiniwa wa Machakos afungue macho. Mombasa ndiyo bandari waliyoshukia Wakamba. Tangu mwaka huo, pembe iliyotoka Ukambani ilipofika pwani ilikuta forodha ya Said. Miaka michache baadaye, kufikia 1840, alikuwa amehamishia makao yake Unguja, karibu na mashamba yake ya karafuu na karibu na njia za misafara.

Forodha hakuisimamia mwenyewe. Aliikodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na aliyejulikana sana ni Jairam Shivji. Jairam alimlipa Said kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, kisha akakusanya ushuru na kubakia na ziada. Said alipata fedha za uhakika bila kuhesabu magunia.

Usiache kuandika upande mwingine. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, na vyombo vya pwani hiyo hiyo viliwabeba. Said alitia saini mkataba wa Moresby mwaka 1822 na wa Hamerton mwaka 1845 kupunguza biashara hiyo kwa shinikizo la Waingereza, lakini hakuikomesha. Jibu linalomsifu Said kwa meli zake na kuwanyamazia waliofungwa ndani ya meli za pwani yake si jibu kamili, na mimi sitalipa alama zote.

Alifia baharini. Mwezi wa Oktoba 1856, akiwa katika merikebu yake Victoria kutoka Muskat kurudi Unguja, maradhi yalimzidi njiani karibu na visiwa vya Shelisheli. Mwili wake ulifikishwa nyumbani kwa chombo chake mwenyewe.

Swali la 3. Edmund Roberts alikuwa nani, na mkataba wa 1833 ulisema nini? (alama 6)

Roberts alikuwa mfanyabiashara na mwenye meli wa Portsmouth, katika jimbo la New Hampshire, Marekani. Biashara yake ilikuwa imeyumba. Alifika Unguja kutafuta faida akakuta Wamarekani wanalipishwa malipo ya kila namna. Mwaka 1828 alikutana na Said, ambaye alimwambia kwamba angependa urafiki na serikali ya Marekani. Roberts akarudi kwao akamwandikia Levi Woodbury, mwanasiasa wa New Hampshire waliyefahamiana, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Jeshi la Majini. Kwa njia hiyo mfanyabiashara aliyekuwa akilalamika kuhusu ushuru akawa mjumbe wa rais.

Alirudi katika manowari Peacock, na tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muskat, mkataba ukatiwa saini. Mambo ya kukumbuka ni matatu. Wamarekani waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari za Said. Walilipa ushuru wa asilimia 5 tu kwa shehena waliyoiteremsha, bila malipo mengine. Na serikali yao ikapata haki ya kuweka konsuli. Konsuli wa kwanza Unguja, Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, alifika mwaka 1837, naye alikuwa mfanyabiashara kwanza na mwakilishi wa serikali baadaye. Waters na Jairam Shivji walishikana sana: mmoja ana meli na kitambaa, mwingine ana forodha. Wafanyabiashara wengine walilalamika kwamba hapakuwa na nafasi ya kupenya kati yao.

Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839 na Wafaransa mwaka 1844. Mtahini hupenda kuuliza mpangilio huu, kwa sababu wanafunzi hudhani Waingereza walitangulia kila mahali.

Roberts mwenyewe hakufaidi. Alifariki Macau mwaka 1836, akiwa katika safari nyingine ya kutafuta mikataba.

Swali la 4. Taja wanasiasa wawili wa Salem waliotokana na biashara ya meli. (alama 2)

Nathaniel Silsbee, aliyekuwa nahodha wa meli tangu ujana wake, kisha mwenye meli, kisha seneta wa Massachusetts kuanzia 1826 hadi 1835. Angalia miaka hiyo: mkataba wa Roberts uliidhinishwa na Seneti mwaka 1834, Silsbee akiwa na kiti humo.

Wa pili ni Stephen Clarendon Phillips, mfanyabiashara wa meli, mbunge katika Bunge la Marekani, kisha meya wa Salem kuanzia 1838 hadi 1842, miaka ile ile ambayo meli za mji wake zilikuwa zikitia nanga Unguja. Alifariki mwaka 1857 stima aliyosafiria ilipoteketea katika Mto St. Lawrence.

(Neno stima kwetu leo ni umeme. Kwa wazee wa pwani lilikuwa meli inayoendeshwa kwa mvuke. Ukikutana nalo katika maandishi ya zamani, usitafute waya.)

Swali la 5. Safari ya Sultana ya mwaka 1840 ilikuwa na maana gani? (alama 4)

Said hakungoja Wamarekani waje tu. Alipakia merikebu yake Sultana, akampa Ahmad bin Na'aman mamlaka ya kuwa mjumbe wake, akaituma New York. Ilifika tarehe 30 Aprili 1840. Ndani mlikuwa na pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, ngozi, tende na kahawa, pamoja na zawadi za Rais Martin Van Buren, wakiwemo farasi. Watu wa New York walijaa gatini kuwatazama mabaharia. Merikebu ilikuwa imechakaa kwa safari, na jeshi la majini la Marekani likaitengeneza bila malipo kabla ya kurudi.

Maana yake: biashara kati ya pwani yetu na Marekani haikuwa ya upande mmoja. Mwafrika Mashariki na Mwarabu hawakukaa ufukweni kungoja tanga litokee. Walipeleka mjumbe, wakauza, wakanunua, wakarudi. Picha ya Ahmad bin Na'aman iliyochorwa huko na Edward Mooney ingalipo. Nikipewa nafasi, ningeitundika katika kila darasa la Historia kuanzia Mombasa hadi Busia.

Swali la 6. Fafanua nafasi ya Wakamba katika biashara hiyo hadi mwaka 1860. (alama 10)

Vitabu huwaita Wakamba "madalali". Neno hilo linanikera kwa sababu linawaonyesha kama watu waliokaa katikati wakipokea kwa mkono huu na kutoa kwa ule. Ukweli una jasho zaidi.

Anza na ardhi. Ukambani ina mvua isiyotabirika. Familia iliyokosa mavuno ilikwenda kwa majirani kubadilishana kitu kwa chakula, desturi iliyoitwa kuthuua. Mtu wa Iveti alikuwa na jamaa au rafiki upande wa Wakikuyu, mwingine upande wa Kitui, mwingine zaidi ya Mto Tana. Njia za njaa zikawa njia za biashara. Wakamba walikuwa pia wawindaji hodari wenye mishale ya sumu, na ndovu walikuwa wengi. Pwani ilipoanza kulipa vizuri kwa pembe, watu waliojua njia na waliojua kuwinda walikuwa tayari.

Misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa na kwa Wamijikenda walioishi nyuma ya pwani, hasa Rabai. Walibeba pembe, ngozi, asali na nta. Walipandisha kitambaa cha merikani, shanga, chumvi na waya wa shaba. Pembe ilipimwa kwa frasila, uzito wa ratili 35 hivi, yaani karibu kilo 16. Ukiinua mfuko wa saruji wa kilo 50, umeinua frasila tatu. Sasa tembea nao jangwa la Taru, ambako maji hayapatikani kwa siku kadhaa.

Kiongozi aliyejulikana kuliko wote ni Kivoi wa Mwendwa, wa Kitui. Alikuwa tajiri, mwenye wafuasi wengi na mwenye neno lililosikika hadi pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimfikia nyumbani kwake mwaka 1849. Kivoi ndiye aliyemweleza habari za mlima mrefu wenye kitu cheupe kileleni, na Krapf akauona kwa macho yake mwezi wa Desemba mwaka huo. Jina alilolisikia Ukambani ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yetu. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wavamizi karibu na Mto Tana, Krapf akiwa naye katika msafara ule ule. Krapf aliponea chupuchupu.

Kivoi hakuwa na chombo hata kimoja cha majini, na hapo ndipo tofauti yake na Said ilipo. Kivoi alitawala njia, Said alitawala njia na bandari na merikebu. Mtu wa Ukambani aliuza pembe Mombasa bila kujua bei yake Unguja, na wa Unguja aliiuza bila kujua bei yake Salem. Kila hatua ya kuelekea majini, faida iliongezeka, na kila hatua ya kurudi nchi kavu, mzigo uliongezeka.

Baada ya 1860 nafasi hiyo ilipungua. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walianza kupanda wenyewe bara na misafara yao yenye bunduki. Ndovu walikuwa wamewindwa hadi kwisha katika maeneo ya karibu. Mashambulizi njiani yalizidi, na kifo cha Kivoi kiliacha pengo kubwa. Mtahini akiuliza sababu za kudidimia, hizo nne zinatosha, mradi uzieleze.

Swali la 7. Pembe hizo zilienda kufanya nini Marekani? (alama 2)

Nyingi zilichongwa kuwa vibao vya piano, pamoja na vitana na mipira ya biliadi. Kitovu cha kazi hiyo kilikuwa jimbo la Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, jina la pili likimaanisha mji wa pembe. Msichana wa Boston aliyejifunza piano mwaka 1870 huenda alikuwa akigusa kwa vidole jino la ndovu wa Afrika Mashariki.

Swali la 8. "Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe nchini Marekani (1861–1865) vilifika hadi bara la Afrika Mashariki." Thibitisha. (alama 8)

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote katika mfululizo huu. Lianzishe kwa mtu mmoja.

Abraham Lincoln alikulia katika umaskini, na miongoni mwa kazi zake za kwanza za kulipwa ilikuwa kazi ya mtoni. Mwaka 1828, akiwa na miaka 19, aliendesha mashua bapa iliyojaa mazao kutoka Indiana, kwa Mto Ohio na Mississippi, hadi New Orleans. Mwaka 1831 akaenda tena, safari hii kutoka Illinois. Mashua hizo zilikwama mara kwa mara kwenye mafungu ya mchanga, jambo ambalo hakulisahau. Mwaka 1849, baada ya kumaliza muhula wake bungeni, alipata hataza nambari 6469 kwa kifaa cha kuinua chombo kilichokwama penye maji ya kina kifupi. Ndiye rais pekee wa Marekani aliyewahi kumiliki hataza.

Mtu huyu aliyejua kwa mikono yake mwenyewe jinsi pamba ilivyoshuka mtoni ndiye aliyetangaza, Aprili 1861, kuzibwa kwa bandari za majimbo ya kusini yaliyoasi. Pamba ya watumwa wa kusini haikupata tena njia ya kutoka kwa urahisi. Viwanda vya nguo vya Massachusetts vikakosa malighafi.

Sasa vuka bahari. Kitambaa kilichoitwa merikani, yaani pamba nzito isiyotiwa rangi, kilikuwa ndicho fedha ya misafara ya Afrika Mashariki. Wapagazi walilipwa nacho, chakula kilinunuliwa nacho, machifu walipewa hongo la njia kwacho. Jina lenyewe linaeleza kilikotoka. Vita vilipokausha pamba, merikani iliadimika Unguja na bei ikapanda. Nguo za Uingereza na za India zikaingia kuziba pengo, zikapata wateja, na hazikuondoka vita vilipokwisha. Wamarekani hawakuirudia tena nafasi waliyokuwa nayo tangu mkataba wa Roberts.

Kwa hiyo amri iliyotolewa Washington ilibadilisha kitambaa alichovaa mtu wa bara. Andika mfuatano huo hatua kwa hatua: bandari kuzibwa, pamba kukosekana, viwanda kusimama, merikani kuadimika, nguo za Bombay kuingia. Mtahini anahesabu viungo. Ukiruka kimoja, mnyororo umekatika.

Swali la 9. Je, kuna wanasiasa wengine wa Marekani waliotokea majini ambao mwanafunzi anaweza kuwataja?

Silabasi haiwadai, lakini nitawataja wawili. James Garfield, aliyekuwa rais mwaka 1881, akiwa kijana aliswaga wanyama waliovuta mashua za mfereji huko Ohio.

Na Robert Smalls. Huyu ningetaka mumjue hata kama hamtaulizwa maisha yenu yote. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la South Carolina. Wakati wa vita alikuwa mshika usukani wa stima ya waasi, Planter, katika bandari ya Charleston. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa Wazungu wakiwa wamelala mjini, Smalls aliing'oa nanga. Alichukua familia yake na wenzake, akavaa kofia ya nahodha ili walinzi wamdhanie kuwa ni yeye, akatoa ishara sahihi mbele ya kila ngome, akaifikisha stima kwa manowari za kaskazini. Baadaye alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Wengine katika maswali haya walipanda kwenye siasa kwa mali ya meli. Smalls alipanda kwa kuteka meli iliyomfanya mtumwa.

Swali la 10. Sultan Barghash aliingiaje katika biashara ya stima? (alama 4)

Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo vilivyokuwa bandarini. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule stima za barua za Waingereza zikaanza kufika Unguja kwa ratiba. Barghash aliona hatari ya kutegemea meli za wengine. Alinunua stima zake mwenyewe zikabeba mizigo na abiria kwenda na kurudi Bombay, zikishindana na za Waingereza. Meli yake ya kifahari, Glasgow, iliundwa Uskoti mwaka 1878. Ilizamishwa na mizinga ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufika saa moja.

Kumbuka pia mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja. Ulitiwa saini manowari za Uingereza zikiwa tayari kuizuia bandari.

Swali la 11. Eleza uhusiano kati ya William Mackinnon na kuanzishwa kwa kituo cha Machakos. (alama 10)

Mackinnon alizaliwa Campbeltown, Uskoti, mwaka 1823, akaenda India kutafuta maisha. Mwaka 1856 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya stima iliyobeba barua kati ya Calcutta na Burma, ambayo mwaka 1862 ilipewa jina la British India Steam Navigation Company. Siri ya utajiri wake ilikuwa barua za serikali. Serikali ililipa ruzuku kwa kila safari, hata shehena ikiwa ndogo. Kwa hiyo Mackinnon alijifunza mapema kwamba meli bila urafiki na wakubwa ni chuma kinachoelea tu.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na ile ratiba ya Unguja ya Desemba 1872 niliyoitaja katika swali la 10 ilikuwa ya stima zake. Mwaka 1877 alianza kuzungumza na Barghash akitaka kukodishiwa bara lote la sultani kwa miaka 70. Mazungumzo yakavunjika. Miaka kumi baadaye, Mei 1887, Barghash akiwa amebanwa na Wajerumani, alikubali kukodisha pwani kwa miaka 50. Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria aliipa kampuni ya Mackinnon hati ya kifalme, ikawa Imperial British East Africa Company. Hati hiyo iliruhusu kampuni kutoza ushuru, kuweka mahakama na kuwa na askari. Hakuna mtu wa Ukambani aliyeulizwa.

Mwaka 1889 kampuni ilijenga kituo chini ya vilima vya Iveti, mahali palipojulikana kwa jina la Masaku, mwonaji na kiongozi wa eneo hilo. Ndimi za Waingereza zilishindwa na jina, likageuka Machakos. Sababu za kuchagua hapa ziandike wazi: palikuwa kwenye njia ya misafara ya Uganda, palikuwa na maji, palikuwa na wakulima wa kuuza chakula kwa wapagazi, na hali ya hewa ilikuwa nzuri kwa Wazungu. Mji wetu, ambao wenyeji wanauhesabu kuwa makao makuu ya kwanza ya utawala wa Waingereza bara, uliwekwa na mwenye meli ambaye biashara yake ilikuwa baharini. John Ainsworth alikabidhiwa kituo mwaka 1892.

Kampuni ilijaribu hata kutumia maji ya bara. Mwaka 1891 Kamanda Dundas alipanda Mto Tana kwa stima ndogo iitwayo Kenia, akafika mbali, lakini mto ulimkatalia kufika nyanda za juu. Barabara ya misafara iliyopewa jina la Mackinnon ilianzia pwani kuelekea Kibwezi, na Kapteni Sclater akaiendeleza hadi Busia. Ukisafiri kwenda Mombasa utapita mji mdogo wa Mackinnon Road. Abiria wengi hununua chai pale bila kujiuliza Mackinnon alikuwa nani.

Kampuni ilishindwa. Gharama za kubeba mzigo hadi Uganda zilizidi faida, pembe zilikuwa zimepungua, na Mackinnon alifariki London mwaka 1893. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nchi, kampuni ikalipwa jumla ya pauni 250,000. Wanahisa walilipwa. Wapagazi waliokufa njiani hawakuwa katika hesabu.

Swali la 12. Kwa nini reli haikupita Machakos, na matokeo yake yalikuwa nini? (alama 5)

Wahandisi walifuata nyanda tambarare za Kapiti na Athi kwa sababu kupanda vilima vya Iveti kungeongeza gharama. Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na mwaka huo huo Ainsworth akahamia Nairobi na ofisi zake. Yote hayo yalitokea katika miaka ya njaa kali ambayo wazee huiita Yua ya Ngomanisye. Mji ukapoteza makao makuu wakati watu wake walikuwa wakizika jamaa zao.

Mapokeo ya Iveti yanamtaja mwonaji Syokimau, aliyesema atakuja nyoka mrefu atakayetoka maji makubwa hadi maji makubwa mengine. Katika mtihani, yataje kama mapokeo ya simulizi, chanzo cha historia chenye hadhi yake. Nami huwaambia wanafunzi waangalie maneno yake: hakumtaja nyoka wa nchi kavu tu, alitaja maji pande zote mbili.

Swali la 13. Stima William Mackinnon ilikuwa nini? (alama 3)

Ni stima iliyoundwa Uskoti kwa ajili ya Ziwa Victoria, ikafunguliwa na kuletwa Mombasa ikiwa vipande vipande. Reli ilikuwa bado haijafika ziwani, kwa hiyo vipande vilisafiri kwa gari moshi hadi mwisho wa reli, na mbele ya hapo vikabebwa. Iliunganishwa Kisumu na kuteremshwa majini mwaka 1900, miaka saba baada ya mwenye jina kufariki. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901.

Kwa alama ya tatu, andika ni nani aliyeibeba. Katika majibu mengi ninayosahihisha, stima hiyo hufika ziwani kana kwamba ilitembea yenyewe.